Kiazi Kilichodondoka

Jana usiku Bisimwa alinipiga risasi
nikiwa tayari nyuma ya ukuta.
Niliuona ukuta ule. Nilishauegemea.
Nikavuta pumzi moja, nikavuta ya pili,
ndipo mwili wangu wa kwenye kioo ukaanguka
kwa kosa nililolifanya kabla sijajificha.

Yeye yuko Kadutu, Bukavu,
alihamia huko mwaka ule mlima ulipofungua mdomo.
Mimi nilibaki Majengo, juu ya makoro.
Kati yetu ni ziwa tu,
ziwa ambalo hata samaki wake jina lao ni amri:
sambaza!
Lakini neno langu dogo, "naruka",
halipiti ziwani.
Linavuka mpaka, linapanda vilima vya watu,
linazama baharini, linaibukia Marseille,
linabisha hodi kwa seva isiyonijua,
kisha linarudi njia nzima hadi Kadutu
likihema: milisekunde mia tatu na arobaini.
Majirani, tunaamkiana kupitia Ulaya.

Katungu, anayekodisha kompyuta Birere,
alisikiliza matusi yangu yote, akaniambia:
"Umbali ni nusu ya ugonjwa.
Nusu nyingine ni adabu."
Adabu?
"Itifaki ya gemu lenu ina adabu kupita kiasi."

Akanivuta mlangoni.
Chukudu ilikuwa ikiteremka kutoka Kibumba,
magunia manne, goti la kijana juu ya ubao,
gurudumu la mti likilalamika.
Kiazi kimoja kikadondoka, kikabingirika.
Kijana hakugeuza hata shingo.

"Huyo atafika," akasema Katungu.
"Sasa mfikirie yule mwenye adabu:
kiazi kikidondoka anasimama,
anaagiza kingine Kibumba, anakingoja,
na chukudu zote zilizo nyuma yake zinangoja,
mizigo mizima, jua kali, soko linafungwa,
kwa heshima ya kiazi kimoja.
Pesa ya simu, sawa, isipungue sifuri.
Barua ya posa, isipungue herufi.
Lakini mahali uliposimama nusu sekunde iliyopita,
nani anapahitaji?
Niletee ulipo sasa."

Alifanya kazi usiku tisa. Umeme ulikatika sita.
Betri ya pikipiki ikamsaidia, na chai, na ubishi.
Kila pakiti akaivika namba;
inayofika imechelewa, inatupwa bila matanga.
Kila pakiti akaibebesha kumbukumbu ya tatu zilizotangulia,
ili moja ikipotea, mdogo wake aje na habari.
Akaifundisha mashine yangu kutoomba ruhusa:
nikibonyeza, niruke kwanza;
kama tumekosea, tusahihishwe polepole,
bila kuvutwa ukosi kama mwizi.
Na seva? Kompyuta kuukuu chini ya meza yake,
juu ya makoro matatu, kama sufuria,
maji ya mvua yasiifikie.

Jumamosi, saa tatu usiku.
Milisekunde ishirini na moja.
Nilijificha nyuma ya ukuta, na ukuta ukawa ukuta.
Nilisikia hatua za Bisimwa zikija,
zake za sasa hivi, si mzuka wa zilizopita.
Nikachungulia.

Akanipiga.
Nikafa papo hapo, kwa haki kabisa.
Mara ya pili, vilevile. Ya tano, vilevile.
Miaka miwili nililaani nyaya za baharini
na kumbe kijana ana shabaha.
Cheko lake likanifikia likiwa bado la moto
na sikuwa na mahali pa kulitupia lawama.

Katungu alikuwa akitazama namba zake, hakututazama sisi.
"Kumi na tisa," akanong'ona. "Nitaifikisha kumi na tano."

Kile kiazi, kwa taarifa yenu,
nilikiokota mimi.
Nilikichemsha usiku uleule, nikakila na chumvi,
nikingoja mchezo ufunguke.